Nimepata chanzo kipya cha eksirei, nyota tatu zinakigombania: naomba ushauri

Binti_Kilimia:
Wakuu, habari za humu. Nipo kwenye tasnifu ya uzamili, nachambua vyanzo vya eksirei kutoka orodha ya kwanza ya eROSITA (darubini ya eksirei iliyo angani), ile iliyotolewa Januari 2024 ikiwa na vyanzo karibu 900,000. Kuna kimoja, anga ya kusini, ambacho sikipati SIMBAD (hifadhidata ya vitu vya anga) wala kwenye orodha za zamani. Mashaka ya nafasi yake ni kama sekunde 4.5 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu 1 kati ya 3,600 za digrii). Nikiweka juu yake orodha ya Gaia, setilaiti iliyopima nafasi za nyota, naona vitu vitatu (kwenye mwangaza, namba ndogo ndiyo inayong'aa zaidi):

A: nyekundu, mwangaza 12.4, sekunde 2.4 za tao kutoka katikati, umbali kama parseki 50 (kama miaka ya nuru 160).
B: ya buluu, mwangaza 18.9, sekunde 3. Paralaksi yake (kuyumba kwa nafasi yake tunapozunguka Jua) haitofautiani na sifuri, yaani huenda iko mbali sana.
C: hafifu, 20.6, sekunde 6.

Eksirei zenyewe ni kidogo, kama 2×10⁻¹³ erg kwa sentimita ya mraba kwa sekunde. Mwenzangu tunayesoma naye anasema chukua A, ndiyo iliyo karibu na inang'aa. Mimi moyo haujatulia. A ni jirani yetu kabisa, na B inaweza kuwa kiini cha galaksi iliyo mabilioni ya miaka ya nuru kutoka hapa. Nikichagua vibaya, kila hesabu inayofuata imeharibika. Nithibitishe vipi?

Mzee_wa_Lenzi:
Binti, umefanya vema kusita. Anza na uwiano wa eksirei kwa mwanga wa kawaida. Chukua logi ya hiyo namba yako ya eksirei, jumlisha mwangaza uliogawanywa kwa 2.5, kisha jumlisha 5.37. Kanuni hii imetungwa kwa mwangaza wa V, kwa hiyo kwa Gaia utapata makadirio, lakini yanatosha. A inatoka −2.4, B +0.2, C +0.9.

Nyota kibete nyekundu yenye usumaku mkali huangukia kati ya −3 na −1 hivi. Viini hai vya galaksi, vyenye shimo jeusi linalomeza gesi, hukaa kati ya −1 na +1. Maana yake zote tatu zimefaulu mtihani huu, na ndiyo sababu kesi yako ni ngumu kweli. Kama A ingekuwa na −5, tungeiondoa leo leo.

kaskazi_07:
Mkuu, aangalie pia infraredi. Kwenye data za WISE, darubini ya infraredi ya angani, kitu ambacho tofauti ya mwangaza wa W1 na W2 (bendi zake mbili) inazidi 0.8 mara nyingi ni kwasa, yaani kiini hai cha galaksi kinachong'aa sana. Akipima B hapo atapata jibu upesi.

Mzee_wa_Lenzi:
Kwa kawaida ningekubali, kaskazi. Ila WISE hutenganisha vitu vilivyo mbali kwa kama sekunde 6 za tao, na hapa A na B zimebanana ndani ya duara dogo. Namba atakayoiona itakuwa ya A, hata kama imeandikwa kwenye nafasi ya B. Asiitumie.

Jambo jingine, binti: A inasogea kiasi gani kwa mwaka? Nyota ya parseki 50 haitulii. Nafasi za Gaia ni za mwanzo wa 2016, na eROSITA ilipita mara ya kwanza kati ya Desemba 2019 na Juni 2020. Isogeze A miaka minne mbele kwanza, ndipo upime upya.

Ngomeni_Pwani:
Dada, swali lako limenigusa kwa sababu kazi hii ina mizizi huku kwetu. Setilaiti ya kwanza iliyotengwa maalumu kuchunguza eksirei za anga ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini hapa karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Kenya ilikuwa inatimiza miaka saba ya uhuru siku hiyo, ikaitwa Uhuru.

Cygnus X-1 ilijulikana tangu 1964 kwa vyombo vya roketi, lakini hakuna aliyejua ni nyota ipi. Uhuru ikapunguza eneo la kutafuta, nyota zikabaki nyingi. Kilichofungua njia ni tukio la Machi 1971: eksirei zilibadilika tabia, na wakati huohuo chanzo cha redio kikatokea mahali ambapo hakikuwepo. Darubini za redio hupima nafasi kwa usahihi mkubwa, na zikaelekeza kwenye nyota HDE 226868.

Hata hapo hawakutosheka. Louise Webster na Paul Murdin wa Greenwich, na Tom Bolton kule Toronto, walipima spektra yake (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake) wakaona mistari ikienda na kurudi kila baada ya siku 5.6. Nyota ilikuwa ikizunguka na kitu kizito kisichoonekana, na leo tunajua ni shimo jeusi. Nafasi ilimtaja mshukiwa, tabia ndiyo iliyomtia hatiani. Tafuta tabia, dada.

kaskazi_07:
Nami naongeza: hesabu uwezekano wa bahati. Kama eneo lako lina nyota 100 zinazong'aa kama A au kuizidi kwa kila digrii ya mraba, kuikuta moja ndani ya sekunde 5 kwa bahati tu ni chini ya 1 kwa 1,000. Nyota hafifu kama B ni nyingi mno, uwezekano wake ni mkubwa zaidi. Ila kumbuka orodha ina vyanzo 900,000, kwa hiyo bahati ya namna hiyo lazima imetokea mamia ya mara mahali fulani.

Binti_Kilimia:
Asanteni sana, shikamoo Mzee. A inasogea robo sekunde ya tao kwa mwaka. Nimeisogeza, sasa iko sekunde 1.6 kutoka katikati. Nimefungua pia data za TESS, setilaiti inayofuatilia mabadiliko ya mwanga wa nyota: kuna milipuko mifupi inayopandisha mwanga kwa asilimia 5. Najua pikseli ya TESS ni sekunde 21 za tao, kwa hiyo A na B zimo pamoja. Je, naweza kusema milipuko ni ya A?

Mzee_wa_Lenzi:
Marahaba. Ndiyo, sema. A inang'aa mara 400 kuliko B, kwa hiyo ili B ilete asilimia 5 ya mwanga wote ingebidi iongezeke mara 20 ghafla, tena mara kwa mara. A ina usumaku mkali, na nyota kama hiyo hutoa eksirei. Lakini hilo haliiondoi B, huenda zote mbili zinachangia. Tafuta kama XMM-Newton au Chandra, darubini nyingine za eksirei, iliwahi kupita hapo. Chandra ingezitenganisha bila shida.

Kama hakuna, omba spektra ya B kwenye kituo cha darubini cha Sutherland, Afrika Kusini, ukitafuta mistari mipana ya hidrojeni. Ukiandika ombi, usielekeze mpasuo wa spektrografu (upenyo mwembamba unaoingiza mwanga kwenye chombo cha kupima spektra) upite juu ya A na B pamoja. Uzungushe ukae mkingamo, mwanga wa A ubaki nje, la sivyo utakachokipima ni A tu.