«Binti» lina mizani ngapi? (Utendi wa Mwana Kupona)

MwalimuWaZamu
Wakuu, leo nimeumbuka darasani. Nawafundisha Kidato cha Tatu Utendi wa Mwana Kupona, ule wosia Mwana Kupona wa Pate aliomtungia bintiye mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Nikatamba kwamba kila mshororo una mizani 8, yaani silabi 8. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma akahesabu kwa vidole:

*Negema wangu binti*
*mchachefu wa sanati*
*upulike wasiati*
*asa ukazingatia*

"Mwalimu, wa kwanza una 7." Ne-ge-ma-wa-ngu-bin-ti. Nikarudia, 7 kweli. Kengele ikaniokoa. Kesho nimwambie nini? Na mtu asiniletee inkisari, hakuna neno lililofupishwa pale.

BintiShela
Pole Mwalimu. Mmekosea kwenye *bin*. Hiyo *n* inasimama peke yake: bi-n-ti. Zinatimia 8. Bibi yangu akiughani huku anasuka ukili, *n* hiyo aliivuta mpaka unaisikia puani. *M* ya *mchachefu* vilevile.

MwalimuWaZamu
Mbona basi *ng* ya *ukazingatia* haisimami? Nikiivunja napata 9.

KalamuKavu
*Ng*, *nd*, *mb* hutoka mdomoni kwa mkupuo mmoja na irabu inayofuata. *N* na *t* za *binti* hazishikani hivyo. Ubeti wa pili una yote mawili, mpe ahesabu mwenyewe:

*Maradhi yamenishika*
*hata yametimu mwaka*
*sikupata kutamka*
*neno lema kukwambia*

Ku-ta-m-ka, ku-kwa-mbi-a.

BintiShela
Tena usiishie kwenye mizani, Mwalimu. Vina vya mishororo mitatu ya mwanzo vinabadilika, -ti, kisha -ka. Wa nne unashikilia -ia. Na ubeti wa tatu unafunga kwa *nimependa kukwambia*. Neno lilelile! Mwingine angesema mtunzi kaishiwa vina. Mimi naona mwaka mzima lilimkwama kooni hilo *kukwambia*, sasa kaagiza wino na karatasi, limetoka.

MwalimuWaZamu
Hili sikuwahi kuliona, na utendi huu naufundisha kila mwaka. Ahsante bibie. Ila mishororo ya huo wa tatu inaishia kwa *ujilisi*, *qaratasi*, halafu *hadithi*. Yule msichana hataniacha.

KalamuKavu
Asome *hadisi*, wapo wengi wanaotamka hivyo, kina kitakaa. Akikataa, vuta muda kwenye ubeti wa pili mpaka kengele ilie.