Frankfurt ilivunja ofisi za zege ikarudisha nyumba za kale: ilipatia au ilikosea?

Mwenye Mada

Wakuu, habari zenu. Hili suala kila likiguswa kwenye vikao vyetu hapa Frankfurt watu wanapandisha sauti, basi tulijadili hapa kwa hoja.

Kwa walio mbali: Römer ndiyo Rathaus ya Frankfurt, makao ya halmashauri ya jiji, tangu 1405. Mwaka ule baraza la mji lilinunua nyumba mbili za wafanyabiashara, Römer na Goldener Schwan, kwa sababu Rathaus ya awali ilikuwa karibu na kanisa kuu na ilibidi ipishe ujenzi wa mnara. Baadaye jiji likawa linanunua nyumba za jirani na kuziunganisha, ndiyo maana ukiingia ndani bila mwenyeji unapotea. Meya yumo humo mpaka leo. Ndoa za serikali zinafungwa humo pia, na wengi wenu mna picha ya harusi mkiwa mmesimama mbele ya zile kuta tatu zenye vilele vya ngazi-ngazi.

Machi 1944 mabomu ya Waingereza yaliteketeza mji wa kale. Nyumba za mbao zaidi ya 1,000 ziliungua, watu zaidi ya 1,000 wakafa, na iliyosalimika nzima ni Haus Wertheym tu. Kati ya Römer na kanisa kuu pakabaki wazi miaka mingi, mpaka jiji likajenga Technisches Rathaus, jengo la zege la idara za ujenzi na mipango miji, lililomalizika 1974. Kuanzia 2010 likavunjwa. Pakasimamishwa nyumba 35: kumi na tano zimejengwa kama zilivyokuwa kabla ya vita, ishirini ni mpya ila zinafuata vipimo na mapaa ya mtaa wa zamani. Mtaa ulifunguliwa 2018, gharama kama euro milioni 200.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kujenga upya si kosa. Ninachohoji ni mtaa huu umejengewa nani. Karibuni.

Msanifu

Mkuu, umeanza kwa upole mno. Ule mtaa ni pambo. Nyumba zimekaa juu ya bamba la zege la maegesho ya magari, na chini yake kuna kituo cha treni ya chini ya ardhi. Ukishuka ngazi za kituo unaona msingi halisi wa hiyo "karne ya 17".

Na si suala la zege tu. Pale Römerberg, uwanja ulio mbele ya Römer, tarehe 10 Mei 1933, wanafunzi walichoma vitabu, na kibao cha shaba kipo chini, watu wanakikanyaga wakijipiga picha. Mji ule haukuungua kwa bahati mbaya ya radi. Ukirudisha nyumba kana kwamba hakuna kilichotokea, unafuta swali la kwa nini ziliungua. Hoja hii si yangu, ni ya zamani: mwaka 1947 mwandishi Walter Dirks alipinga nyumba ya mshairi Goethe kujengwa upya hapa hapa Frankfurt kwa sababu hiyo hiyo. Hakusikilizwa.

Halafu msisahau, Aprili 2018 profesa wa usanifu Stephan Trüby wa Stuttgart aliandika gazetini kwamba wazo la kurudisha mtaa huu lilisukumwa mwanzoni na watu wa mrengo mkali wa kulia. Hilo nalo tulifunike?

Mama Bornheim

Wanangu, mimi nimeishi hapa tangu lile jengo la zege lipo, na nyinyi mnaolitetea hamkuwahi kulipita jioni ya Januari. Ukuta mtupu, mlango umefungwa saa kumi, hakuna hata pa kununua chai. Leo Jumamosi nikiwa na wajukuu tunakaa Hühnermarkt, kiwanja cha huo mtaa mpya, watoto wanazunguka kisima cha Stoltze, wazee wa Kijerumani wanapumzika kwenye ngazi. Huyo profesa wa Stuttgart hata hakai hapa.

Mwenye Mada

Shikamoo mama. Nitakujibu, ila kwanza nimalizane na Msanifu, maana neno "pambo" linaniudhi.

Nenda kasimame mbele ya Römer yenyewe, ile ambayo kila mtu anaiita ya kale. Ile roshani ambayo timu ya taifa hutokea ikirudi na kombe, saa, sanamu nne za makaisari: vyote ni kazi ya miaka ya mwisho ya karne ya 19. Msanifu Max Meckel ndiye aliyeshinda shindano, Kaisari Wilhelm II akatia mkono wake kwenye michoro, na kazi ikakamilika karibu na 1900. Kabla ya hapo uso wa Römer ulikuwa wa kawaida kabisa. Kwa hiyo raia wa 1900 waliunda "enzi za kati" zao, mabomu yakazichoma, raia wa miaka ya 50 wakazikarabati. Na ukigeuka uangalie upande wa mashariki wa uwanja, zile nyumba za mbao zinazouzwa kwenye kadi za posta, ni za mwanzoni mwa miaka ya 80!

Sasa ukisema mtaa wa 2018 ni wa bandia, niambie uwanja mzima ule una nini kisicho cha bandia. Ukikubali kimoja, kubali na kingine, au vunja vyote.

Kuhusu mrengo wa kulia: ni kweli kundi dogo barazani lilitoa hoja 2005. Lakini uamuzi wa 2007 ulipitishwa na baraza la jiji wakati wa muungano wa CDU, chama cha wahafidhina, na chama cha Kijani. Kijani hao nao ni mrengo mkali wa kulia?

Fundi Seremala

Mimi siasa nawaachia. Kazi yangu ni mbao, na nimekwenda kuangalia Haus zur Goldenen Waage, mojawapo ya zile kumi na tano, kwa macho ya fundi. Chini ni matao ya jiwe jekundu la mchanga lililochongwa, juu ni mihimili ya mwaloni, kila ghorofa imetokeza kidogo kuliko ya chini yake. Hiyo nyumba ya asili ilijengwa 1619 na Abraham van Hamel, mkimbizi wa dini kutoka Uholanzi aliyekuwa akiuza viungo na vitu vitamu. Mkimbizi! Majirani walimpeleka mahakamani kuhusu ujenzi wake, na leo ndiyo nyumba wanayojivunia kuliko zote.

Hatua chache mbele kuna Rotes Haus, lililosimama juu ya nguzo za mwaloni huku chini pakiwa wazi, watu wanapita katikati. Vijana wa siku hizi wangejifunzia wapi kazi kama hiyo? Msanifu anaona pambo, mimi naona watu wamelipwa kufanya ufundi uliokuwa unakufa. Na zile nyumba zinatimiza kanuni za leo za moto na za kuhifadhi joto. Si rahisi hata kidogo.

Mtoto wa Malindi, Unguja

Samahani nachomeka. Sisi Beit al Ajaib, ya 1883, iliporomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafa. Hakuna aliyeuliza kama kuijenga upya ni "uongo". Nyinyi mna anasa ya kubishana.

Msanifu

@Mtoto wa Malindi, ndugu, poleni, ila si sawasawa. Beit al Ajaib sehemu kubwa ingali imesimama, na walioijua wangali hai. Huku ni miaka 70 imepita na jengo jingine limeshajengwa na kutumika katikati.

Kwa Mwenye Mada: umenipiga chenga. Sijasema kila kilichojengwa upya ni kibaya. Nasema kuna namna ya kujenga upya bila kujifanya. Paulskirche iko hatua chache tu, kanisa lilikokaa bunge la 1848. Iliungua, ikafunguliwa tena Mei 1948 chini ya msanifu Rudolf Schwarz: kuta nyeupe, ndani hakuna urembo, unaingia unajua kuna kitu kilitokea.

Na kama Paulskirche ni mbali, angalia Salzhaus. Hiyo ni sehemu ya Römer yenyewe, ile ya pembeni. Kabla ya vita ilikuwa na uso wa mbao uliochongwa, labda nyumba nzuri kuliko zote mjini. Miaka ya 50 ikajengwa upya kwa uso mwepesi, wa kisasa, wakabandika vipande vya nakshi vilivyookolewa, na ukutani mosaiki ya finiksi, ndege anayefufuka kutoka majivuni. Hapo ndipo jiji lilisema ukweli.

Mama Bornheim

Hiyo Salzhaus nimepita mbele yake miaka yote sikujua ni sehemu ya Rathaus. Nilidhani ni ofisi ya bima.

Fundi Seremala

😂😂 Mama umemmaliza.

Mwenye Mada

Hapana, Salzhaus namuunga mkono Msanifu, hata kama mama anacheka. Kuna wanaotaka uso wake wa zamani urudishwe kutokana na picha na vipande vilivyobaki. Mimi napinga. Pale hakuna pengo la kuziba, pana jengo zuri la wakati wake, na lina historia yake.

Turudi kwenye swali langu ambalo mmelikwepa wote. Technisches Rathaus, kwa ubaya wake wote, lilikuwa la umma. Ulikuwa unaingia kuuliza habari za kibali cha ujenzi na hakuna wa kukuuliza unataka nini. Idara zikahamishiwa kwingine, ardhi ile ile ya katikati kabisa ya jiji ikawekwa nyumba za kuishi zilizouzwa kwa maelfu ya euro kwa mita moja ya mraba, wanunuzi walikuwa wengi mpaka wakachaguliwa kwa bahati nasibu. Euro milioni 200, mkuu. Kwa nini isiwe nyumba za kupanga za jiji, hata nusu yake?

Mama Bornheim

Mwanangu, hapo sikupingi. Ila ujue wenye mishahara ya kwetu hata mtaani kwetu Bornheim wanahamishwa siku hizi, na huko hakuna nyumba ya mbao hata moja iliyojengwa upya. Kodi haipandi kwa sababu ya nakshi.

Msanifu

Nakubali kodi ni tatizo. Lakini wangeweka nyumba za kupanga nyuma ya ule uso wa 1619, bado ningesema ni pambo.