Umewahi kupanda treni isiyo na dereva? Tupeane uzoefu

Mkazi wa Zoni ya Tatu

Wakuu, habari za muda huu.

Mwaka wa saba sasa naishi Surrey, British Columbia, huku Kanada. Ni mji wa pembezoni mwa Vancouver, ila msiudharau: sensa ya 2021 ilihesabu wakazi 568,322. Kinachotufikisha katikati ya jiji ni SkyTrain, laini ya Expo, inayopita juu ya nguzo za zege karibu safari nzima. Kutoka King George mpaka Waterfront ni kama dakika 40. Dereva hana, na hata chumba cha dereva hakuna. Mbele kabisa kuna kioo kikubwa na viti vya abiria, basi.

Siku ya kwanza kupanda nilikuwa bado na daladala za Mbagala kichwani. Kituo changu kikaanza kuonekana, mdomo ukafunguka wenyewe: "Shusha!" Behewa zima likanigeukia. Treni ikasimama, ambayo ingesimama hata ningekaa kimya, na mzee mmoja wa Kipunjabi mwenye kilemba akanipigia saluti wakati nashuka.

Hofu ya kukosa dereva ilinitoka ndani ya wiki moja. Kilichobaki mpaka leo ni kitu kingine: hakuna wa kumwomba. Mlango ukishalia, umelia. Mwaka juzi pale Surrey Central niliingia na begi la mtoto, mke wangu yuko nyuma na kigari cha mtoto, gurudumu limegoma. Mlango ukafunga katikati yetu. Tukatazamana kupitia kioo kama watu wanaoagana bandarini. Daladala ingekuwa hapo, konda angegonga bodi mara mbili, suka akakanyaga breki, abiria wakalalamika kidogo, mama akapanda. Huku nilikwenda kushuka Gateway, nikakaa kwenye benchi na begi la nepi mapajani. Dakika tatu baadaye treni iliyofuata ikamleta. Hakunisemesha mpaka New Westminster.

Haya, mliopanda hizi treni popote pale, leteni visa vyenu.

Tukuyu Kwetu

Mkuu, hapo kwa "kama watu wanaoagana bandarini" nimecheka mpaka bosi kanichungulia. Mimi sijapanda. Nasubiri simulizi.

Binti wa Uvira

Salamu kwenu. Na mimi niko Surrey, nitaeleza ya mama yangu.

Mama alifika huku 2017 akitokea kambi ya Nyarugusu, Kigoma, alikokaa zaidi ya miaka ishirini. Wiki ya pili nikampeleka kwa daktari upande wa New Westminster. Tukapanda ngazi ya umeme pale Gateway (nayo ilitugharimu dakika kumi), treni ikaingia, mlango ukafunguka. Mama akainamisha kichwa, akachungulia mbele, akachungulia nyuma. "Dereva yuko wapi?" Nikamwambia hakuna. Akanishika mkono, akasema kwa Kiswahili chetu cha kule: "Mimi siwezi ingia mu kitu chenye hakina muntu wa kukiendesha." Treni ikaondoka. Ikaja ya pili, ikaondoka. Ya tatu, ya nne. Nikamwambia, mama, hizi zote nne zimekuja zenyewe na zimekwenda zenyewe, na watu wameshuka wazima. Akafikiri. Ya tano akaingia, lakini alikaa karibu na mlango, mkoba kifuani.

Wanaoijua njia hii wanajua kinachofuata baada ya Scott Road. Treni inapanda daraja, ardhi inakwisha, chini kabisa unauona mto Fraser. Mama alikuwa amefumba macho. Nilipomgusa akafumbua, na chini yetu kulikuwa na boti ndogo inavuta magogo mengi yaliyofungwa pamoja, yanaelea kama mkeka. Akasimama. Mtu ambaye dakika tano zilizopita alikuwa anasali, alisimama na kuweka paji la uso kwenye kioo. Yeye amezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, wakuu. Tangu akimbie nyumbani hakuwahi kuwa juu ya maji.

Sasa hivi huenda kwa daktari peke yake. Na akishuka, hugeuka akaambia mlango "aksanti". Watu huku humshukuru dereva wa basi wanaposhuka, yeye kaona treni isibaguliwe.

Mkazi wa Zoni ya Tatu

Dada, kwa mama shikamoo zake. Nitakuwa namwangalia pale Gateway.

Mzee wa Upanga

Vijana, mimi nilihama Dar mwaka 1974, niko Burnaby. Niwape ya zamani kidogo.

Treni hii ilizinduliwa Desemba 1985, ili iwe tayari kwa maonyesho ya dunia ya Expo 86, ambayo mada yake yenyewe ilikuwa usafiri na mawasiliano. Siku za mwanzo walitupandisha bure. Tulikwenda familia nzima na sambusa kwenye kopo, watoto wakapanda kwenda na kurudi mpaka wakalala. Lakini wakati ule mwisho wake ulikuwa New Westminster. Ninyi wa Surrey mlikuwa ng'ambo ya mto na reli inawatazama tu! Duka langu dogo lilikuwa Surrey, kwa hiyo kila asubuhi nilishuka New Westminster, nikapanga foleni ya basi, basi likavuka daraja la Pattullo, lile jembamba la 1937, nyuma ya malori. Mvua ya hapa mnaijua.

Daraja la treni lilikamilika na Scott Road ikafunguliwa 1990. Urefu wake ni mita 616, limening'inizwa kwa nyaya kwenye minara miwili. Mpaka King George walifika 1994. Mwaka huo ndio nilioanza kunywa chai nyumbani asubuhi badala ya kwenye kituo cha basi.

Mwanafunzi wa Zamani KL

Wadau, mimi nilisoma Malaysia, nilipanga chumba Subang Jaya, karibu na stesheni ya SS15. Laini ya Kelana Jaya, nayo haina dereva. Ilianza 1998, ikafikishwa hadi Putra Heights mwaka 2016, jumla kama kilomita 46. Huko pembezoni inapita juu, unachungulia mapaa ya vigae na nguo zilizoanikwa, kisha ikikaribia katikati ya Kuala Lumpur inazama handakini.

Kisa changu ni cha tokeni. Kule tiketi ya safari moja ni kisahani cha plastiki cha bluu, ukubwa wa sarafu. Unakigusisha kuingia, unakitumbukiza kutoka. Mimi nikakitia mfukoni pamoja na chenji. Nikapitia kwa muuza nazi, nikalipa, nikapanda. Kufika stesheni ya KLCC, natumbukiza, geti halifunguki. Nikatazama mkononi: nimeshika senti hamsini. Tokeni nilimpa muuza nazi, na yeye alipokea! Nililipa faini yangu, maana kosa langu. Wiki iliyofuata nikampitia, akatoa tokeni chini ya kopo la mirija na kunikabidhi kwa mikono miwili, anacheka.

Fundi Koili

Naomba niingie kidogo kwa wanaouliza inakwendaje, kwa sababu Vancouver na Kelana Jaya ni ndugu wa damu. Mabehewa yao ya kizazi cha pili yalianza kazi Kuala Lumpur 1998, Vancouver yakafuata 2002.

Siku ukiwa jukwaani, tazama katikati ya reli mbili. Utaona bamba pana bapa limelala njia nzima. Hiyo ndiyo nusu ya mota. Nusu nyingine ni koili za umeme zilizo chini ya behewa, haziligusi bamba. Chukua mota ya kawaida ya duara, ikate, ikunjue kama chapati: upande mmoja uubebe kwenye treni, mwingine uulaze chini. Sumaku inalisukuma bamba, bamba halina pa kwenda, basi treni ndiyo inakwenda. Gurudumu kazi yake ni kubeba tu, halisukumi chochote, kwa hiyo kilima na reli iliyolowa haviitishi.

Na anayeamua iende au isimame ni kompyuta. Mfumo unaitwa SelTrac, uko Vancouver, Kelana Jaya, treni ya DLR ya London na hata Dubai. Kila treni inajulikana iko wapi muda wote, na inaambiwa inaweza kusogea mpaka wapi nyuma ya mwenzake. Ndiyo maana zinaweza kufuatana kwa dakika mbili tatu bila kugongana.

Mtakuja na ajali ya Kuala Lumpur ya Mei 2021, najua. Treni mbili ziligongana handakini karibu na KLCC, zaidi ya watu 200 wakaumia. Ile moja ilikuwa tupu, na ilikuwa inaendeshwa kwa mkono na binadamu.

Tukuyu Kwetu

Fundi, chapati imeeleweka kuliko miaka minne ya sekondari.

Kijana wa Newham

DLR ya London nayo mumo? Tangu 1987 haina dereva, lakini ina mtu. Yuko ndani na abiria, anafunga milango kwa ufunguo, anakagua tiketi, anakuelekeza njia. Siku nyingine anafungua kasha pale mbele na kuiendesha mwenyewe. Mwanangu wa miaka minne akimkuta kwenye kiti cha mbele huwa analia. Anaona kaporwa kazi.

Mswahili wa Deira

Salaam aleikum. Dubai, laini nyekundu, ilizinduliwa tarehe 9 mwezi wa 9 mwaka 2009. Mimi wa Mombasa, na siku ya kwanza nilitaka kioo cha mbele kama watoto wenu. Nikakimbilia behewa la mwisho jukwaani, nikakaa kiti kipana, nikatoa simu kurekodi majumba. Kumbe ni Gold, la nauli mara mbili. Akaja mkaguzi, mpole kabisa, akanionyesha faini: dirhamu 100. Video ninayo mpaka leo. Inaanza na majengo, inamalizika na kiatu cha mkaguzi.

Na ukikosea zaidi ya hapo utajikuta behewa la wanawake na watoto. Hilo silielezi.

Tukuyu Kwetu

Lieleze!

Mswahili wa Deira

Silielezi.

Msafiri wa Usiku

Mimi nafanya shifti za usafi usiku, katikati ya jiji. Kinachonisaidia: baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni, nauli ya treni inakuwa ya zoni moja hata ukivuka mto kwenda Surrey. Wageni wengi hawajui, wanalipia zoni tatu bure. Na kama uko peke yako behewani usiku na kuna mtu anakusumbua, kuna utepe wa njano juu ya madirisha. Bonyeza, haulii, lakini wahusika wanapata taarifa. Nimeubonyeza mara moja. Kituo kilichofuata walikuwa wamesimama mlangoni.

Angalizo jingine: pale kituo cha Columbia njia inagawanyika. Soma maandishi mbele ya treni. Nililala siku moja, nikaamkia kituo cha Braid, tawi jingine, nikiamini nimefika nyumbani, nikatafuta hadi mti ninaoujua.

Tukuyu Kwetu

Swali la mwisho kwa wa Kanada. Theluji je? Na hicho kiti cha mbele mnagawanaje?

Mkazi wa Zoni ya Tatu

Theluji ikizidi, vihisio vya kulinda reli vinaiona kama kitu kilichoanguka njiani, treni zinasimama ovyo. Kwa hiyo wanapandisha wafanyakazi, wanafungua kifuniko chini ya kioo cha mbele, kuna vitufe vyote vya kuendeshea. Hapo ndipo unapata dereva. Januari moja nilimkuta mmoja, nikamwambia "shusha" kwa Kiswahili, kwa ajili ya kumbukumbu tu. Akaitikia "good morning".

Kiti cha mbele: watoto kwanza, halafu mama wa Uvira, halafu mimi.