Mjadala: Kununua cha kudumu ni tabia au ni mfuko?

Mtoa mada

Wakuu, salaam. Jumamosi nimehama, Tabata kwenda Kitunda, na kuhama ndiko kunakoumbua vyombo vya ndani. Kabati la nguo lenye miaka miwili, lile la maranda yaliyogandishwa kwa gundi kisha yakavalishwa karatasi yenye michirizi ya mti, halikufika. Vijana walilinyanyua, kitako kikabaki sakafuni. Meza ya mninga ya marehemu bibi, iliyotoka Tabora kwa treni kabla sijazaliwa, imeteremka na mkwaruzo mmoja.

Hoja yangu: kukimbilia vya bei chee kila mara ni tabia, si umaskini. Rafiki yangu analipwa mara mbili yangu, na kila mwaka ana pasi mpya. Ukimuuliza: "Si elfu kumi na tano tu?" Jirani yangu muuza vitumbua alicheza mchezo wa kuchangiana hela na wenzake, zamu yake ilipofika akanunua chuma cha vitumbua kizito hasa, na mpaka leo ndicho anachokalia kila alfajiri.

Kwa hiyo nasema TBS, wale wa viwango vya bidhaa, wakaze bandarini. Bidhaa hafifu zisiingie kabisa. Mnaopinga, karibuni.

Mama Wawili

Kaka, wewe huna mtoto wa darasa la tatu. Januari moja nilijifanya mjuzi, nikamnunulia wa kwanza viatu vya shule vya ngozi, vya kushonwa, elfu sitini. Kufika Septemba viatu vizima, mguu hauingii. Mdogo wake akavikataa, eti vya kiume. Tangu hapo mguu unaokua naununulia kwa bei ya mguu unaokua.

Lakini kwenye jiko sibahatishi. Jiko la bati tupu linakula mkaa kama lina hasira. Lenye udongo ndani bei yake iko juu kidogo, ila kopo la asubuhi linanifikisha jioni. Sasa niambie, mimi nina tabia gani?

Boda wa Mbagala

Mkuu, tairi orijino naijua hata ukinifumba macho. Ila ikipasuka saa nne asubuhi, mfukoni nina elfu ishirini, na jioni bosi anataka hesabu yake, nitafunga ile inayolingana na elfu ishirini. Nikisubiri orijino, kesho pikipiki ina dereva mwingine. Hiyo siyo tabia, ni saa nne asubuhi.

Halafu swali dogo. Hilo kabati la maranda lilinunuliwa na nani?

Seremala Keko

Nacheka peke yangu karakana nzima. Mimi kazi yangu ni hiyo hiyo mbao, na niwaambie jambo ambalo mtoa mada ameliruka: bei kubwa siyo ubora. Kuna watu wanalipa hela ya mninga wakiondoka na paini la Mufindi lililopakwa rangi ya mninga. Limeng'aa, limependeza, mteja anapiga picha anatuma kwa shemeji. Ukitaka kujua, usitazame mbele. Toa droo, geuza, angalia chini ambako hakuna aliyehangaika kupaka. Nyanyua kona moja uone uzito. Kwaruza kidogo kwa ukucha mahali pasipoonekana, paini litabonyea.

Bati ndiyo balaa zaidi. Mtu anaambiwa geji 32, anadhani namba kubwa ndiyo bati nene. Ni kinyume: 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Wangapi wameezeka kwa kutokujua tu, na hela walikuwa nayo?

Mwana Gikomba

Salamu kutoka Nairobi. Mimi ninauza mitumba, kwa hivyo mjue ninatetea ugali wangu. Lakini mkisema "hafifu isiingie", nani atasema hafifu ni nini? Shati la mtumba, ile daraja ya kwanza tunaita kamera, limeshafuliwa ng'ambo mara hamsini na bado kola imesimama. Shati jipya la bei hiyo hiyo linapauka mwezi wa pili. Ila sheria ikija, inaanza na la kwangu kwa sababu ni kuukuu.

Tulishaiona hii. Mwaka wa 2016 viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) walikubaliana mitumba iishe kufikia 2019. Kenya ikajitoa mapema. Rwanda ikakaza, ushuru ukatoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, na 2018 Marekani ikaisimamishia nguo zake nafuu ya AGOA, ule mpango wa kuuza Marekani bila ushuru. Na bibi yangu je? Miaka yote alivaa akala, zile za tairi kuukuu mnazoita makatambuga. Rahisi kuliko kiatu chochote sokoni, na hakuna aliyewahi kuona zikiisha.

Msafiri Lyon

Huku Ufaransa hawakukataza, waliandika. Januari 2021 walianza kulazimisha simu, kompyuta mpakato, televisheni na mashine za kufulia zionyeshe dukani alama, 0 hadi 10, ya jinsi zinavyotengenezeka zikiharibika: spea zipo? kufungua ni rahisi? Mnunuzi akitaka ya 4 anainunua, ila anajua. Nadhani Kariakoo ingefaa kuanzia hapo. Aliyefungua pasi akakuta imegandishwa badala ya kufungwa skrubu atanielewa.

Mtoa mada

Boda, umenipata. Kabati nililinunua mimi, wiki mbili baada ya harusi. Nguo za bibi harusi zilikuwa kwenye mabegi, wakwe wanakuja Jumapili, na deni la ukumbi halijaisha. Lile la mbao nililiona, nikalipita. Kwa hiyo la kuzuia bandarini nalirudisha nyuma, Mwana Gikomba kanishinda. La rafiki yangu na pasi zake silirudishi, yule hana saa nne asubuhi wala wakwe.

Seremala, kabati la mvule milango miwili, bila mapambo, ni kiasi gani? Nitumie pembeni. Nimeingia mchezo wa ofisini, zamu yangu ni ya saba, na nguo kwa sasa ziko juu ya meza ya bibi.