Msaada wa Kiingereza: "had" inahitajika wapi, na wapi inakuwa imezidi?

KaunteraYaUsiku:
Wakuu, habari za humu ndani.

Nafanya kazi mapokezi, zamu ya usiku, kwenye hoteli moja ya pwani. Likitokea jambo lolote (mgeni kapoteza simu, bomba limepasuka, walevi wametibuana baa) lazima niandike ripoti kwa Kiingereza kabla ya kukabidhi zamu. Tatizo nina wakubwa wawili. Mmoja akiona "had" anaikata, anasema Kiingereza cha kazini kiwe chepesi. Mwingine akiona haipo anaichomeka, anasema bila hiyo haijulikani kipi kilianza. Sasa kuna mgeni anadai kaibiwa begi, watu wa bima wanataka maelezo, na mabosi wote wawili wameshapitisha kalamu. Kipande kimebaki hivi:

"When I reached Room 12 the guest left. I had called the guard and he had come and we had checked the balcony. The lock was broken. The guest told me he locked the door at seven."

Ile ya shuleni, kwamba past perfect ni had na kitenzi cha safu ya tatu, kwa tukio lililotangulia, naijua. Ninachotaka ni kujua lini inahitajika kweli. Nawasilisha.

Porojo Tupu:
"When I reached Room 12 the guest left." Mkuu, mgeni alikukimbia? 😂 Nakaa pembeni nisubiri walimu.

Chaki na Vumbi:
Huyo hapo juu anatania, ila amegusa penyewe.

"The guest left" maana yake ulifika, ndipo mgeni akaondoka. "The guest had left" maana yake ulikuta ameshaondoka. Kwa mtu wa bima hizo ni habari mbili tofauti: kwenye ya kwanza wewe ni shahidi uliyemwona mgeni pale chumbani, kwenye ya pili hukumwona. Hapo had ni lazima, bosi wako wa pili ana haki.

Njoo sentensi inayofuata. Mlinzi ulimwita, akaja, mkakagua roshani. Mambo yamefuatana vilevile yalivyotokea, kwa hiyo msomaji hahitaji kuonyeshwa kipi kilitangulia: "I called the guard, he came and we checked the balcony." Hata kwa Kiswahili ungesema nilimwita, akaja, tukakagua. Hakuna anayesimulia "nilikuwa nimemwita, naye alikuwa amekuja, tukawa tumekagua". Hapo bosi wa kwanza ndiye mwenye haki.

"The lock was broken" iache. Inaeleza hali uliyoikuta. Ukiandika "somebody had broken the lock" umeshatoa hukumu kwamba kuna mtu kavunja, na wewe hukuona.

Ya mwisho ni maneno ya mgeni unayoyaripoti. Yeye alisema "I locked the door at seven". Ukiyapeleka kwenye ripoti yanakuwa "he told me he had locked the door at seven". Kwa kuwa saa imetajwa, hata ukiacha "locked" hakuna atakayepotea, ila kwenye maandishi rasmi mimi ningeweka had.

Na niseme jambo linalonikera darasani kila mwaka. Wengi wanadhani had ni ya mambo ya zamani sana. Mtu anakwambia "I had gone to Mombasa in 2010", halafu kimya. Msikilizaji anabaki anangoja: halafu ikawaje? Umbali wa miaka hauhusiki kabisa. Vita vya Majimaji vilianza 1905 na unavisimulia kwa past simple tupu, "the war began in 1905". Kitu cha dakika mbili zilizopita kinaweza kubeba had, mradi kuna kingine kilichopita unachokipimia.

DawatiLaHabari:
Salamu kutoka Nairobi. Mimi kazi yangu ni kuhariri habari, na mwalimu amesema kweli. Naongeza hili tu.

Had ni kama gia ya rivasi. Unaiingiza ili urudi nyuma, ukishafika unaitoa, unaendelea mbele kwa gia za kawaida. Tuseme ripoti imeanzia saa nne usiku, kisha unataka kueleza ya mchana: "The guest had arrived at noon. He paid cash, asked for a room near the beach and went out to swim." Had ni moja tu, mlangoni. Waandishi wachanga huirudia kila kitenzi, had arrived, had paid, had asked, had gone, na ukifika mwisho wa aya umechoka. Ukitaka kurudi kwenye saa nne, sema wazi: "When I came on duty at ten..."

Halafu kama umetumia "after", neno lenyewe limeshapanga mambo. "After he locked the door he went to dinner" inatosha.

Mkali wa Division:
@DawatiLaHabari hapo nakataa. Sisi kidato cha nne ukiandika "after he locked" unakatwa alama. Ni "after he had locked", hakuna mjadala.

Chaki na Vumbi:
Zote mbili ni Kiingereza sahihi. Anayejiandaa na mtihani aiweke, asije akabishana na msahihishaji. Mahali ambapo kweli hakuna mjadala ni huku: "No sooner had the guest left than the alarm rang." Na mwenzake: "Hardly had the guest left when the alarm rang." No sooner anatembea na than, hardly anatembea na when. Watu wanawachanganya hao hadi chuo kikuu.

Bi Mdogo wa Mjini:
Samahanini kaka zangu, mimi nina tatizo na hiyo kanuni ya "lililotangulia". Nimekutana na sentensi "He left before I had finished his bill". Kilichotangulia hapo si kuondoka? Mbona had iko upande wa bili?

DawatiLaHabari:
Swali zuri, dada, na vitabu vingi vya shule hulipita kimya. Kwenye sentensi hiyo had inaangalia ukamilifu: mtu ameondoka na kazi ya bili haijafika mwisho. Ni ile ile "ja" yetu, aliondoka kabla sijamaliza. Unaweza pia kusema "before I finished" na ukaeleweka, lakini had inakaza kwamba kazi ilikatizwa. Kwa hiyo ile kanuni ya shuleni ni nzuri kwa kuanzia, haitoshi kwa safari nzima.

KaunteraYaUsiku:
Wakuu mmenifungua. Sasa bosi wa kwanza anataka nimalizie na sentensi hii: "If the guard would have locked the gate, the thief would not have entered." Iko sawa?

Chaki na Vumbi:
Sarufi kwanza: upande wa if hauchukui "would have" kwenye maandishi rasmi. Ni "If the guard had locked the gate, the thief would not have entered." Ukipenda "Had the guard locked the gate", ni kitu kilekile kimevaa koti.

Lakini ndugu yangu, usiiandike. Sentensi ya namna hiyo inasema mambo mawili kwa mpigo: mlinzi hakufunga geti, na mwizi alipita hapo. Umeona lolote kati ya hayo? Mlinzi anaweza kupoteza kazi kwa had moja. Andika ulichokuta: "The gate was open when I checked it", na saa yenyewe. Bosi akitaka kumlaumu mlinzi, aandike yeye na kusaini yeye.

Porojo Tupu:
Hapo mwalimu umeongea.

KaunteraYaUsiku:
Nimeandika upya, nimeondoa la geti na if yake:

"I reached Room 12 at 10.20. The guest had left. I called the guard and we checked the balcony together. The lock was broken. The guest later told me that he had locked the door at seven and had not gone back to the room before dinner."

DawatiLaHabari:
Safi. Had zote tatu zina kazi. Peleka.

Mkali wa Division:
Kabla uzi haujafungwa, "had had" nayo ni sahihi au ni kigugumizi?

Chaki na Vumbi:
Sahihi. "The guest had had two beers before dinner." Had ya kwanza ni ya tense, ya pili ni have kwenye safu ya tatu. Ikikukera, andika "had drunk". Usiandike "had drank", hapo nitakukata alama mimi mwenyewe.