Lami inaliwa na malori au na maji?

Wakuu, nimetoka Dar mpaka Tunduma kwa gari dogo, mgongo mpaka leo haujakaa sawa. Mimi nasema malori. Majaribio ya AASHO (chama cha maofisa wa barabara kuu) kule Illinois, Marekani, 1958 hadi 1960, yalionyesha kuwa uharibifu hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ukiipakia 13, umeharibu karibu mara tatu. Na tusisahau 2013: Magufuli, akiwa Waziri wa Ujenzi, alifuta nafuu ya kuzidisha uzito hadi asilimia 5, wenye malori wakagoma, Waziri Mkuu Pinda akairudisha.

— Mkuu, mimi ndiye dereva wa hayo malori. Kwenye mizani napimwa Vigwaza, napimwa Mikese, napimwa Makambako. Hizo tani 13 nizipitishie wapi? Mtaani kwangu semi haijawahi kukanyaga, kubwa kuliko yote ni gari la taka, na lami inabanduka kama ukoko. Mtaro umejaa mchanga na chupa, mvua ikinyesha maji yanalala barabarani siku tatu. Hapo nani kazidisha mzigo?

— Mnabishana mkiwa mmekaa kwenye viti. Shukeni muangalie. Ukikuta nyufa za ngozi ya mamba, na pembeni ya ufa kuna tope jembamba lililokauka, maji yako chini: kila tairi likipita linayakamua yatoke na udongo wa msingi. Kiraka hapo ni kupaka poda kidonda. Ila ukikuta mifereji miwili ya matairi, laza rula ndefu iliyonyooka kukatisha barabara. Kingo zimevimba? Lami yenyewe ni laini, imesukumwa pembeni. Tazama milimani, au foleni ya mizani: lori linatambaa juani, na hata lenye uzito halali linaibonyeza. Mfereji mpana usio na uvimbe ndio unaokwambia msingi umezama. Ndipo unaleta ule mtaimbo wa kupimia, nyundo ya kilo 8 inaangushwa, unahesabu umezama kiasi gani kwa kila pigo. Kwangu mimi maji yanasamehewa mno. Lori lina mizani, mtaro hauna.

— Mkuu, hapo kwenye maji umenigusa. Ila picha nilizopiga zina uvimbe pembeni kabisa.

— Basi hiyo sio mvua, na sio lazima iwe uzito. Ulizia lami ilichanganywaje, na nani alisaini vipimo.

— Dereva nipo, nasubiri kuombwa radhi.