Maandishi yamegeuka visanduku kwenye AutoCAD, na dirisha la kufungua faili limepotea

Skeli1kwa100
Wadau, naomba msaada. Kuna DWG (faili la mchoro wa AutoCAD, programu ya kuchorea ramani) ya ghorofa nne ya Kasarani imeletwa kwa flashi kutoka ofisi nyingine. Ukiifungua, maandishi yote ni visanduku vitupu, hachi (mistari ya kujaza) za kuta hazionekani, na mistari minene imebaki kingo tu, katikati tupu. Kwenye kompyuta ya pili ni vilevile. Halafu kwenye hii ya kwanza peke yake, ukibonyeza Open hakuna dirisha linalotokea; mstari wa amri unakuuliza jina la faili, basi. Fonti za SHX (za AutoCAD yenyewe) zote zipo. Programu ni ya 2021. Kesho asubuhi mchoro unatakiwa kwenye karatasi ya A1. Nisakinishe AutoCAD upya?

PenseliHB
Usisakinishe chochote. Programu yako ni nzima. Hizo ni swichi za enzi za DOS ambazo hazijawahi kung'olewa, na mtu ameziacha zimezimwa.

Visanduku ni QTEXT. Zamani kila herufi ilichorwa mstari kwa mstari, na mchoro mkubwa ulikuwa unakuweka kitini ukingoja ujichore upya, kwa hiyo walibadilisha maandishi kuwa visanduku ili skrini iwe nyepesi. Andika QTEXT, Enter, OFF, Enter, halafu REGEN, inayouchora mchoro upya. Bila REGEN hutaona tofauti yoyote, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani imegoma. Usiseme ni mambo ya skrini tu: usipoirekebisha, visanduku vitatoka hivyohivyo kwenye karatasi.

Hachi na mistari minene ni kitu kimoja, FILL. Iweke ON, kisha REGENALL ili madirisha yote ya mpangilio yajichore upya.

Dirisha la Open ni FILEDIA. Andika FILEDIA, weka 1. Kama una haraka na hutaki kugusa kitu, ukiulizwa jina la faili jibu kwa alama ya ~ na dirisha litafunguka mara hiyo moja. Mara nyingi chanzo ni skripti au AutoLISP (programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya AutoCAD): inaweka 0 ili ihifadhi faili bila kuuliza, ikimaliza inarudisha 1. Ukibonyeza Esc katikati, 0 inabaki pale.

Sasa angalia mahali vinapohifadhiwa. QTEXT na FILL hukaa ndani ya mchoro wenyewe, ndiyo maana ugonjwa umekufuata hadi kompyuta ya pili. FILEDIA hukaa kwenye rejistri ya Windows (hifadhi ya mipangilio ya kompyuta), kwa hiyo ni ya kompyuta hiyo moja. Kusakinisha upya kusingegusa zile mbili za kwanza hata kidogo.

Skeli1kwa100
Asante sana, maandishi na hachi zimerudi, dirisha pia. Lakini kila mchoro wa ofisi ile unakuja hivyo. Na kwenye kompyuta hii EXPLODE (ya kuvunja umbo vipande) na XREF (ya kuambatisha mchoro mwingine) zinagoma, hata kwenye faili tupu. Hiyo nayo ni swichi?

Nukta_Kwanza
La kwanza jepesi: ofisi ile inaanzisha kazi mpya kwa kunakili mchoro wa zamani, au DWT yao (faili la kiolezo) ina makosa. Waambie wafungue hiyo DWT, warekebishe, wahifadhi. Wakague na swichi ya vipimo, DIMASSOC: ikiwa 0, kila kipimo wanachoweka ni mistari na maandishi yaliyotawanyika, hakijibadilishi ukuta ukisogezwa. Inatakiwa 2.

La pili lisubiri kidogo kabla ya kuchomeka flashi hiyo popote. Andika .EXPLODE, nukta ikitangulia. Nukta huita amri asilia hata kama imefutwa kwa UNDEFINE, amri ya kuzima amri nyingine. Hiyo yenye nukta ikifanya kazi na EXPLODE ya kawaida ikagoma, basi amri imefutwa, na virusi vya AutoLISP hupenda sana EXPLODE, XREF na XBIND. REDEFINE itairudisha, lakini ukifungua mchoro mwingine inafutwa tena.

Tafuta acad.lsp, acaddoc.lsp, acad.fas na acad.vlx kwenye folda za michoro, flashi, na folda ya Support. Zifungue kwa Notepad zile za .lsp kabla ya kufuta, maana ofisi nyingine zina acaddoc.lsp yao halali. Kisha SECURELOAD iwe 2 (programu zipakiwe kutoka folda zinazoaminika tu) na LEGACYCODESEARCH iwe 0 (zisitafutwe kwenye folda ya mchoro). Faili hizi husambaa kwa sababu LEGACYCODESEARCH ikiwa 1, AutoCAD huzisoma kwenye folda ileile ya mchoro unaoufungua. Mtu akikupa folda nzima, amekupa na mgeni wake.

PlasmaKariobangi
Msizitupe swichi zote za zamani jamani. PELLIPSE bado inalisha watu. Tangu toleo la R13 la AutoCAD duaradufu ni umbo lake lenyewe, na mashine nyingi za kukata mageti kwa plasma hazilielewi. DXF (faili la kupelekea mashine mchoro) inaingia na maua yote ya geti yamepotea, imebaki fremu. Weka PELLIPSE 1 kabla ya kuchora, duaradufu itatoka kama polilaini (mstari mmoja wa vipande vilivyoungana) ya tao ndogondogo. Zilizokwisha kuchorwa haizigusi. Hizo hifadhi kama DXF ya R12: muundo huo haujui duaradufu wala splaini (mkunjo laini), kwa hiyo zote hugeuzwa. Ila splaini hutoka na vipande vingi vifupi na mashine hukata ikisitasita, kwa hiyo maua yachore kwa tao tangu mwanzo. Na ukimaliza rudisha PELLIPSE 0, maana nayo hukaa ndani ya faili.